Saa 12 kwa siku si halali

Hapana yaya, unasema kaka yako kufanya kazi saa 12 kwa siku, siku sita kwa juma, ni "kawaida ya Lubumbashi"; si kawaida. Kanuni ya Kazi ya Kongo (RDC) ya 2002 inaweka mwisho wa saa 9 kwa siku na 45 kwa juma. Zinazozidi ni saa za ziada, nazo zinalipwa zaidi ya kawaida. Siku sita za saa 12 ni 72. Mimi ni mjumbe wa wafanyakazi, kifungu cha 119 kinachosema hivyo tumekibandika kazini kwetu, karibu na daftari la kuingia na kutoka.

Na usiseme ni uchovu tu. Shirika la Afya Duniani (OMS) na Shirika la Kazi la Kimataifa walichapisha mwaka 2021: anayefanya saa 55 au zaidi kwa juma yuko katika hatari ya kiharusi iliyo juu kwa 35% kuliko wa saa 35 hadi 40. Huyo kaka yako anayeumwa kichwa kila jioni apimwe presha mapema, tafadhali.

Ila kama ni mlinzi, aulize kwanza wakaguzi wa kazi, maana kazi fulani zina mpango wake wa saa. Aende na saa zake zimeandikwa, siku kwa siku.