Kemia yote hiyo ya nini kwa mfamasia?

Swali: Shikamoo dada. Nimemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na biolojia), niko Songea, na nataka kuwa mfamasia. Binamu yangu aliyeko Marekani ananishauri nisome kwanza digrii ya kemia au biolojia, ndipo niombe famasi. Halafu nimeangalia masomo ya mwaka wa kwanza nikaogopa, kemia imejaa. Nilipata C, na ukweli ni kwamba nilikariri. Kama kazi ni kutoa dawa, kemia yote hiyo ya nini?

Jibu: Marahaba mdogo wangu.

Binamu yako anakueleza utaratibu wa huko aliko. Marekani kwa kawaida mtu husoma kwanza masomo ya maandalizi chuoni, walau miaka 2, kisha miaka 4 ya famasi. Kwetu Tanzania famasi yenyewe ndiyo digrii ya kwanza. Unaingia moja kwa moja kutoka kidato cha sita, iwe Muhimbili, Bugando au kwingine, unasoma miaka 4, unafanya mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, unafaulu mtihani wa Baraza la Famasi, ndipo unasajiliwa. Digrii ya kemia peke yake haikupi usajili huo, hata ukiwa wa kwanza darasani.

Sasa hiyo kemia. Siku moja mama mmoja alinijia na chupa ya amoksilini, antibiotiki ya mtoto wake, imebaki nusu. Mtoto kaanza kukohoa tena, akauliza ampe ileile. Nikamuuliza aliichanganya lini. Wiki tatu zilizopita.

Umewahi kujiuliza kwa nini amoksilini ya watoto huuzwa ikiwa unga, wakati parasetamoli inakuja tayari ni maji? Jibu liko kwenye umbo la molekuli. Amoksilini ina pete ya pembe nne, inaitwa beta-laktamu. Kaboni iliyofungwa hivyo inapenda pembe pana zaidi, karibu nyuzi 120, lakini hapo imebanwa kwenye 90 hivi. Pete imekaa kama upinde uliovutwa. Mvuto huo ndio unaoifanya ishikamane na kimengenya (protini inayoendesha mmenyuko) ambacho bakteria hutumia kujenga ukuta wake. Lakini maji nayo yanaweza kuifungua pete hiyo, na ikishafunguka, dawa imekufa. Ndiyo maana ukishatia maji una siku 7 mpaka 14 tu, kadiri kibandiko kinavyosema. Yule mama angempa mwanawe dawa iliyopungua nguvu akidhani bado ni nzima.

Na bakteria sugu wengi wanafanya kitu hichohicho: wana kimengenya cha kuipasua pete ileile. Ukiielewa mara moja, umeelewa chupa, usugu, na kwa nini amoksilini nyingine huongezwa klavulanati ya kukizuia kimengenya hicho. Aliyekariri atajifunza mambo matatu tofauti na kuyasahau yote baada ya mtihani. Hao ndio niliowaona wakihangaika na sapu (mitihani ya marudio), na wengine walidisko, yaani waliondolewa chuoni, wakiwa na akili nzuri tu.

Hesabu pia usiidharau. Mtoto wa kilo 8, parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, ni miligramu 120. Chupa moja imeandikwa 120 kwa mililita 5, basi ni kijiko kimoja cha dawa. Chupa ya jirani yake imeandikwa 250 kwa mililita 5: hapo ni mililita 2.4. Ukimwambia mzazi "kijiko kimoja" bila kusoma chupa, umempa mtoto zaidi ya mara mbili.

Kuhusu kazi, kaunta ni mlango mmojawapo tu. Kuna wodini, viwandani, Bohari ya Dawa, na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wanaokagua ubora. Kote huko kemia inakufuata, maabara za ubora kuliko kwingine.

C yako isikutishe, mradi utimize vigezo vya chuo unachoomba, na hivyo uvisome kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huu, usitegemee wa mwaka jana. Miezi hii ya kusubiri, rudia mada tatu bila haraka: asidi na besi, kasi ya mmenyuko, na kemia ya kaboni, hasa esta na amidi. Ukifika kwenye amidi, chora ile pete ya pembe nne ya amoksilini, ambayo nayo ni amidi, kwa mkono wako, kisha uoneshe maji yanaingilia wapi.