Kipupwe Kimeingia, Mazoezi Yametoka: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Assalaam aleikum jopo. Msimu wa kaskazi nilikuwa natembea kila jioni, nikashuka hadi kilo 80. Masika yalipoanza nikaacha. Sasa nikirudi kazini nataka chai, mahamri na blanketi tu, na mizani inasema 84. Urefu wangu ni sentimita 158. Hiyo hamu nitaitoa wapi?
Mama wa watoto watatu, Kisauni

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Hamu usiitafute. Kwa kawaida huja baada ya dakika saba nane za mwanzo, mwili ukishapata moto, na anayeingoja akiwa amejifunika gubigubi haioni. Patana na nafsi yako dakika kumi tu. Zikiisha na bado hutaki, acha, wala usijilaumu. Siku nyingi utajikuta unaendelea.

Tuseme na ukweli kuhusu baridi yetu. Julai hapa Mombasa usiku hushuka hadi kama nyuzi 20 au 21, na mchana hufika 27 au 28. Hiyo haimzuii mtu kufanya mazoezi, wala haimchomei mafuta kama wengine wanavyojipa moyo. Kinachokukwamisha ni matope, upepo wa kusi na giza. Jua linatua kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, nawe ukiwa bado kwenye matatu. Kwa hiyo yahamishie asubuhi, tena ndani ya nyumba.

Ukishaswali alfajiri usirudi kitandani hata kwa "dakika tano". Anza kwa kutembea papo hapo ukiinua magoti, dakika 3. Kisha kaa na uinuke kitini mara 10 bila kushika kitu. Sukuma ukuta kwa mikono miwili mara 10. Panda na kushuka kidato kimoja cha ngazi kwa dakika 2, ukibadilisha mguu wa kutangulia kila baada ya nusu dakika. Pumzika dakika moja, kisha rudia hivyo vitatu vya mwisho hadi utimize raundi nne. Raundi nne pamoja na zile dakika za mwanzo huchukua kama dakika 20. Kiti cha plastiki juu ya vigae huteleza kinyumenyume, na wengi wameangukia kiuno kwa sababu hiyo; kiegemeze ukutani kabla hujakikalia. Kamba ya kuruka iache kwanza: kwa uzito huu magoti yatalalamika, na jirani wa chini pia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na siku 2 au zaidi za kutia misuli nguvu. Asubuhi sita za dakika 20 ni 120. Zilizobaki zimalize Jumapili kwa kutembea Mama Ngina, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Mihogo na viazi karai vya pale ni vitamu, tunajua. Vikwepe kwa kupita upande wa pili wa barabara. Raba zikilowa, toa soli ya ndani na ujaze karatasi za gazeti, uzibadilishe zikishanyonya maji. Unyevu wa msimu huu haukaushi kiatu kwa usiku mmoja, na soksi mbichi ndiyo mwanzo wa malengelenge na fangasi.

Sasa chai. Hapa ndipo zilipoingia kilo zako nne, kuliko pale ulipoacha kutembea. Kutembea kwa haraka nusu saa, kwa mtu wa uzito wako, huchoma karibu kalori 150. Hamri moja la wastani linaweza kufika 200, na kijiko kimoja cha chai cha sukari ni 16. Vikombe vitatu kwa siku vya vijiko vitatu vitatu vimeshaila ile nusu saa yote, kabla hujagusa hamri. Usijinyime chai, mume na watoto watakuona umekuwa mkali bure. Shuka kijiko kimoja kila wiki, ongeza tangawizi na iliki, na hamri liwe moja, pamoja na bakuli la mbaazi zisizojaa tui. Mbaazi zitakushibisha, hamri la pili litakurudisha jikoni saa nne usiku. Mafuta ya kupikia nayo usimimine kwa macho: kijiko kimoja kikubwa ni kama kalori 120, na mimino wa kawaida wa chupa ni vijiko vitatu au vinne.

Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya chai. Mizani iwe juu ya sakafu ngumu, kwa kuwa juu ya mkeka au zulia husema uongo. Karibu na hedhi mwili hushika maji na uzito unaweza kupanda bila mafuta kuongezeka, basi usikate tamaa wiki hiyo. Pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80 hatari ya maradhi ya moyo huongezeka, na kuanzia 88 huongezeka zaidi. Dera halitakwambia, ni pana mno. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri: kilo nne ni wiki nane, na ni karibu asilimia 5 ya uzito wako, kiasi ambacho huanza kusaidia presha na sukari.

SWALI: Nakimbia ufukweni Bamburi nikitoka kazini saa kumi na moja. Wiki nyingine mchanga ni mgumu na safi, wiki nyingine maji yamejaa, nabaki kwenye mchanga laini na kano ya kisigino inauma. Nimekaribia kuacha.
Kijana wa Bamburi

JIBU: Usiache, fuata mwezi. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yetu hujaa kama saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na kupwa ni saa nne au saa tano. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo tarehe 7 hadi 9 za mwezi mwandamo, na tena 22 hadi 24, ni maji mafu, yaani hayajai wala kupwa sana, na kupwa huangukia jioni yako. Siku hizo kimbia ufukweni. Za bamvua kimbia barabara za ndani za mtaa. Mchanga laini hulazimisha kisigino kuzama na kuvuta kano, basi ukikosa budi punguza umbali kwa nusu. Ufukwe una mteremko, kwa hiyo nenda na urudi njia ileile ili mguu mmoja usibaki chini muda wote. Na usikimbie pekupeku msimu huu: kusi hutupa mwani mwingi, na huwezi kujua kilichofichika chini yake.

SWALI: Je, koti la nailoni linapunguza uzito haraka?
Msomaji, Majengo

JIBU: Linapunguza maji. Ukinywa, yanarudi. Kwa unyevu wa Mombasa jasho lenyewe halikauki vizuri, na nailoni huliziba kabisa hadi kizunguzungu. Vaa fulana ya pamba.

SWALI: Nina kisukari na natumia insulini. Naweza kuanza mazoezi ya asubuhi?
Mzee wa Tudor

JIBU: Shikamoo mzee. Unaweza, ila muone daktari wako kwanza kuhusu dozi. Pima sukari kabla: ikiwa chini ya 5 (kwa mashine inayosoma mmol/L), kula kwanza kitu chenye gramu 15 za wanga, mfano ndizi moja ndogo, ndipo uanze. Ikizidi 14, ahirisha siku hiyo, na ukiwa na kichefuchefu au unahema nenda hospitali. Weka mfukoni sukari au glukosi, si pipi zisizo na sukari. Ukitetemeka au kutoka jasho baridi, simama, lamba vijiko vitatu au vinne vya chai vya hiyo sukari au glukosi, na pima tena baada ya dakika 15. Ukirudi, kagua nyayo na katikati ya vidole kabla hujavaa kandambili.