Taa haifunguliwi kwa Kiingereza

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako wa Guangzhou, China, hawaachi kusema "open the light" wanapowasha taa. Chanzo ni kitenzi chao cha Kichina, kāi. Hicho kimoja hufungua mlango, huwasha taa, huendesha gari, na hata mkutano hufanywa kwa hicho hicho! Kwa hiyo usiwafundishe "open" peke yake. Wape kitenzi pamoja na kitu chake: "open the door", "turn on the light", "drive a car". Kwenye kuzima kuna mtego uleule, maana kitenzi chao kingine, guān, hufunga mlango na huzima taa pia, ndipo unasikia "close the light". Anza na swichi za darasani: anayewasha aseme anachofanya. Maelezo marefu ya sarufi yasubiri.