Riwaya niliyoiacha juu ya meza

Mwanangu alikuwa kidato cha pili alipoanza kukwepa chakula cha usiku. Kila nikimwita, ameshiba. Shati lake la shule lilikaa kwenye ndoo siku nne nami nikamgombeza, nikamwita mvivu, nikamhesabia watoto wa wenzangu wanaotembea kwa miguu kwenda shule bila kulalamika. Maneno yale yananiuma mpaka leo. Mwalimu wake wa darasa ndiye aliyeniita pembeni: "Mama, huyu mtoto anaumwa." Hospitalini tukaambiwa ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, akaandikiwa vidonge vya kila asubuhi na kupangiwa siku za kuonana na mshauri.

Vidonge akameza. Kuzungumza, hapana. Nikimuuliza anajisikiaje, jibu ni "kawaida tu".

Mdogo wangu anafundisha Kiingereza. Akaniletea riwaya ya vijana, Darius the Great Is Not Okay ya Adib Khorram, iliyotoka mwaka 2018. Darius anaishi Portland, Marekani, na mama yake ni Muirani. Ana sonona, baba yake naye anayo, na wote wawili wanatumia dawa. Familia inasafiri hadi mji wa Yazd kumwona babu aliye mgonjwa. Ni nyumba ya chai, ndugu wengi na wazee wa kuheshimiwa, kama zilivyo nyumba zetu.

Kitabu nilikisoma kwanza mimi, kamusi ya simu pembeni, karibu wiki tatu. Mzazi mwenzangu, usiiruke hatua hii. Nilidhani nakikagua kwa ajili ya mtoto, kumbe mwenye kukihitaji ni mimi. Sikuwahi kufikiria kwamba kijana anaweza kupendwa, kulishwa na kusomeshwa, na bado akaumwa hivyo.

Nilipomaliza nikakiacha juu ya meza, basi. Ukimwambia "soma, kitakusaidia," unakuwa umempa kazi ya nyumbani nyingine, na ile ya shule tayari imemshinda. Siku ya tano kitabu hakikuwepo mezani.

Jioni moja nachambua mchele, akaja akasimama mlangoni mwa jiko.

"Mama, yule babu yake Darius ni kama wewe."

"Kivipi, baba?"

"Anaona mtu anaweza kuamua tu kufurahi, ugonjwa ukaisha."

Nikaweka ungo chini, nikamwomba radhi pale pale. Akakaa kwenye kigoda akaniambia mambo ambayo miezi yote ile sikuwa nimeyasikia: kwamba asubuhi mwili unakuwa mzito kama mchanga uliolowa, na kwamba alipokuwa akisema ameshiba alikuwa anaogopa nitamwona analia. Alikuwa anaanza na "Darius naye...", halafu katikati ya sentensi anageukia "mimi". Kumwongelea mtu wa kitabuni kulimpa pa kuanzia.

Ukichagua kitabu, angalia kijana anaponaje. Hadithi ambayo mapenzi au safari moja inamaliza kila kitu, iache. Darius anarudi kutoka Iran akiwa bado na sonona yake. Hilo lilitufaa sana, maana kuna wakati mwanangu alitaka kuacha vidonge akidai havifanyi kazi. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na kuziacha ghafla bila daktari ni hatari.

Weka mbali pia hadithi inayoeleza kwa kina jinsi kijana alivyojiua. Netflix wenyewe, wale wa filamu za mtandaoni, baada ya ushauri wa wataalamu, mwaka 2019 walikiondoa kipande cha namna hiyo kwenye tamthilia yao ya vijana iliyotoka 2017.

Na usingoje kitabu kikuulizie. Mimi nilimuuliza waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumwingizii mtoto wazo hilo kichwani. Akikujibu ndiyo, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, usimwache peke yake, na dawa na sumu zote za ndani zifungiwe.

Sasa yuko kidato cha nne. Zipo wiki anacheka mpaka majirani wanasikia, na zipo wiki shati linarudi kukaa kwenye ndoo. Likikaa siku ya pili nalifua mwenyewe, nalianika, halafu nakwenda kukaa naye.