Lori la zamani linazimika njiani baada ya kubadilishwa injini

Ndugu, unasema tangu ulifunge injini kubwa ya petroli na gia boksi nyingine, lori linazimika baada ya dakika 20, likipoa linawaka, na likifika kilomita 60 kwa saa linatetemeka. Usifungue injini bado.

Injini ikiwa ya baridi, fuata kwa mkono paipu ya mafuta kutoka tangi mpaka kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa). Nahisi utaikuta imelala karibu na ekzosi. Petroli huchemkia humo, ikawa mvuke, na pampu ikabaki inanyonya mvuke mtupu. Likizima tena, zungushia pampu na paipu kitambaa kilicholowa maji baridi (ekzosi usiimwagie, inaweza kupasuka). Likiwaka upesi, mwizi umemkamata: hamisha paipu. Lisipowaka, shuku koili (kifaa kinachozalisha umeme wa plagi). Nayo ikipata joto hufa na kufufuka vivyo hivyo.

Mtetemo ni wa propela shafti, nadhani, ule mhimili unaopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu (gia za ekseli ya nyuma). Mwinamo wa gia boksi na wa difu unapaswa kulingana, tofauti isizidi digrii 1 hivi. Tazama pia kama krosi (viungo vya shafti) za ncha mbili zimekaa mstari mmoja. Mimi niliwahi kuzifunga kombo, nikalaumu matairi wiki nzima.