Kufungwa mechi mbili za kirafiki: kambi imeharibika?

Salaam ndugu. Umeuliza kama kufungwa mechi mbili za kirafiki ni dalili kwamba kambi ya timu ya kujiandaa na ligi imeharibika. Matokeo yaweke pembeni kwanza. Wiki hizi miguu ya wachezaji ni mizito: asubuhi wamekimbizwa, jioni wanacheza, na kipindi cha pili kocha anabadilisha karibu kikosi kizima. Mimi huangalia sekunde chache baada ya kupoteza mpira. Nani anageuka kukaba, nani anashika kiuno? Kisha nafasi kati ya mabeki na viungo. Ikiwa kubwa mechi ya kwanza, kawaida. Ikibaki vilevile mechi ya mwisho kabla ya ligi, hofu yako ina msingi. Hesabu pia wenye majeraha ya misuli. Hao hunikosesha usingizi kuliko mabao.