Maswali Yenu: Kuhamisha Saguaro Bila Kuiua

SWALI: Naishi Phoenix, Arizona. Jirani anahama na amenipa saguaro, ile kaktasi (mmea wa miiba) ya jangwani ambayo ikikomaa huota matawi kama mikono. Iko uani kwake, inanifika magotini. Niihamisheje isioze?

JIBU: Ulizia kwanza kibali Idara ya Kilimo ya Arizona, kwani sheria ya jimbo huilinda saguaro hata ikiwa kwenye kiwanja cha mtu. Kisha chukua chaki utie alama ubavu unaotazama kusini. Huko jua hupitia kusini, na ngozi ya ubavu huo imekwisha kuwa sugu. Ukipanda mmea umegeuka, ubavu uliozoea kivuli utababuka: hupauka manjano, kisha hufanya gamba la kahawia lisilorudi kijani tena.

Mizizi mingi haishuki zaidi ya sentimita 15, ila hutambaa mbali, kwa hiyo chimba kwa upana. Iliyochanika ikate kwa kisu safi, ipake unga wa salfa, uuanike mmea kivulini siku 7 hadi 14 vidonda vikauke. Panda kwa kina kile kile, kwenye udongo wa changarawe usiotuamisha maji, alama ikitazama kusini, na utandaze wavu wa kivuli msimu wa joto wa kwanza.

Wengi huharibu hapa: humwagilia siku ile ile. Kidonda kibichi kikilowa huoza, na kwa kuwa shina lina akiba ya maji, litaonekana zima kwa miezi. Bonyeza kitako, kikibonyea, uozo umeshapanda. Subiri wiki moja ndipo umwagilie, na usirudie mpaka udongo ukauke kabisa.

SWALI: Saguaro ni mmea wa jangwa. Mbona joto la 2023 liliziangusha?

JIBU: Ziliponzwa na usiku. Saguaro hufunga matundu yake ya kupumulia mchana ili isipoteze maji, ikayafungua usiku kuvuta hewa ya ukaa. Usiku usipopoa, haivuti vya kutosha, inakula akiba yake. Mwaka ule Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi joto 43 na zaidi, na lami na saruji zikatunza joto hilo hadi alfajiri. Wataalamu wa Desert Botanical Garden, bustani iliyofunguliwa 1939, waliziona zikiinama na kudondosha mikono. Inauma, maana mkono wa kwanza huchukua miaka 50 hadi 75 kuchipua. Bustani hiyo huwaomba wakazi wazipige picha saguaro za mjini ili zihesabiwe. Yako ikishika, nayo ipige.